Stempas imekuja na wewe huna pasi ya Kiholanzi: jinsi ya kupiga kura kwenye gemeente yako

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Uholanzi simu yangu haipumziki. Maswali ni yaleyale, kuhusu gemeente (serikali ya mji unaoishi) na stempas (karatasi inayoonyesha una haki ya kupiga kura). Kaka hii barua ya gemeente ni bili? Mimi bado natumia pasi ya Tanzania, hii stempas si wamekosea? Nikipiga kura na sina uraia si nitaharibu kibali changu? Nimejibu kwa sauti WhatsApp mara nyingi sana, sasa naandika yote hapa ili mtu akiuliza tena nimtumie hii asome taratibu.

Jibu la haraka: kwenye uchaguzi wa halmashauri ya gemeente huhitaji uraia wa Kiholanzi. Kama umekaa hapa kihalali miaka 5 mfululizo na una miaka 18, kura ni yako. Mlango huo ulifunguliwa na katiba yao ya 1983, na wageni wakaanza kupiga kura za halmashauri mwaka 1986, kwahiyo ni jambo la siku nyingi, hakuna anayekufanyia hisani. Na kwa Watanzania na Wakongo naona ndo muhimu zaidi, maana nchi zetu hazituruhusu kushika uraia wa pili, na wengi hatuko tayari kuachia pasi ya nyumbani. Hapa huachii kitu.

Kuna mama mmoja tunasali naye, ametoka Bujumbura, yuko hapa mwaka wa 11. Stempas mbili alizitupa kwenye pipa la karatasi pamoja na matangazo ya supamaketi kwasababu aliona neno la Kiholanzi asilolijua na jina lake juu, akaogopa. Chaguzi mbili zikapita hivyo. Na huyo huyo mama ndo anayelia kila siku kuhusu nyumba za kodi nafuu, jambo ambalo kwa sehemu kubwa linaamuliwa na watu wale wale waliokuwa wanaomba kura yake. Iliniuma sana.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Uwe umesajiliwa kwenye gemeente kwa anwani unayoishi kweli, ile ambayo barua zako zinafika. Uwe na kadi yako ya kibali cha kuishi ambayo haijaisha muda, au pasi au kitambulisho cha Kiholanzi kama unacho. Uwe na stempas, ile karatasi ya kuonyesha kituoni, inayokuja kwa posta. Na uwe na nusu saa ya kujua vyama vilivyopo. Basi. Kujiandikisha kama kule kwetu kwenye daftari la kudumu la wapiga kura hakuna, wala kadi ya mpiga kura, wala wino kidoleni. Ukishasajiliwa kama mkazi na umetimiza masharti, gemeente yenyewe inakutumia stempas bila kuiomba.

Hatua ya 1. Jua ni uchaguzi gani unaokuja

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Mtu anasikia "uchaguzi Uholanzi" anakuja na kibali chake anaambiwa hapana, anarudi nyumbani anawaambia wenzie kwamba wageni hawaruhusiwi, na maneno hayo yanasambaa mpaka uchaguzi ambao wageni wanaruhusiwa unapita hivihivi. Kwahiyo zishike vizuri:

Tweede Kamer, bunge la taifa lenye viti 150, ni kwa wenye uraia wa Kiholanzi tu. Hata ukae miaka 30 kwa kibali, hupigi. Ila mwenye uraia anaweza kupiga hata akiwa anaishi Nairobi au Dar, anajiandikisha kwa gemeente ya Den Haag ambayo ndo inashughulikia wapiga kura wa nje.

Provinciale Staten, mabaraza ya mikoa 12, nayo ni wenye uraia tu. Mabaraza hayo ndo yanachagua Eerste Kamer, ile seneti ya viti 75.

Bunge la Ulaya ni kwa Waholanzi na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Kama una pasi ya Ubelgiji, na ndugu zetu wengi wa Kongo wanazo, hiyo unapiga.

Waterschap, bodi za maji zinazoangalia kuta za kuzuia bahari na mito, mitaro na usafi wa maji. Hizi nazo wageni wenye kibali halali wanapiga, ila kura yake inafanyika siku moja na ya mikoa, kwahiyo siku hiyo Mholanzi anapewa karatasi mbili na wewe unapewa moja. Usigombane na watu wa mezani, hawajakuonea.

Gemeenteraad, halmashauri ya gemeente, hii ndo yetu. Inakuja kila baada ya miaka 4 mwezi Machi. Ya 2022 ilikuwa tarehe 16 Machi, ya 2026 tarehe 18 Machi. Hawa madiwani wanaamua kuhusu nyumba, bijstand (msaada wa fedha kwa wasio na kipato), huduma za vijana na wazee, takataka, paking, viwanja vya watoto. Burgemeester (meya) mwenyewe hachaguliwi na wananchi, anateuliwa, ila wethouders, yaani viongozi wanaoendesha gemeente pamoja naye, wanachaguliwa na halmashauri uliyoipigia kura.

Hatua ya 2. Hesabu miaka yako 5 vizuri

Miaka haihesabiwi mpaka siku ya kura. Inahesabiwa mpaka siku ya vyama kuwasilisha majina ya wagombea, ambayo ni kama wiki 6 kabla. Kwa uchaguzi wa 18 Machi 2026 siku hiyo ilikuwa 2 Februari.

Chukua mtu ambaye kibali chake kilianza 10 Machi 2021. Siku ya kura, 18 Machi 2026, ana miaka 5 na siku 8, anasema nimetimiza. Lakini tarehe 2 Februari alikuwa bado ana miaka 4 na miezi 10 na kidogo, kwahiyo stempas haikuja, na hakuna aliyefanya kosa. Atasubiri inayofuata.

Neno "mfululizo" nalo ni zito. Ukichelewa kuongeza muda wa kibali kikaisha kwanza ndo ukaomba, linaweza kutokea pengo, na pengo linavunja hesabu. Ukifuta usajili ukaenda kuishi nyumbani mwaka mmoja alafu ukarudi, unaanza upya. Likizo ya mwezi haina shida. Mke au mume kuwa Mholanzi hakukupi kura, inaangaliwa hali yako wewe. Na anayefanya kazi ubalozini kwa ajili ya nchi yake, pamoja na familia aliyokuja nayo, huyo hayumo.

Raia wa Umoja wa Ulaya hahitaji miaka 5, anatakiwa tu awe mkazi wa gemeente siku ile ya wagombea. Miaka 18 ndo inaangaliwa siku ya kura yenyewe, kwahiyo mtoto anayetimiza 18 siku hiyo hiyo anapiga.

Hatua ya 3. Nyoosha anwani mapema

Umehama kutoka Rotterdam kwenda Tilburg? Gemeente uliyokuwa umesajiliwa siku ya wagombea ndo unayoipigia kura. Ukichelewa kusajili, stempas inaenda kwenye nyumba ya zamani, na mpangaji mpya anaitupa. Wanaoishi kwa rafiki bila kusajiliwa ndo wanaumia zaidi hapa. Najua kupata mwenye nyumba anayekubali ujisajili ni kazi, lakini bila usajili gemeente haikuoni kabisa.

Hatua ya 4. Ipokee stempas na uitunze

Inafika si chini ya siku 14 kabla ya kura. Ina jina lako, anwani, tarehe, na nyuma ina sehemu ya kumkabidhi mtu mwingine akupigie. Siku chache kabla ya kura inakuja na karatasi nyingine kubwa yenye majina yote ya wagombea, hiyo ni ya kusoma nyumbani tu, usije ukaijaza ukaibeba kituoni ukidhani ndo kura.

Kama jirani zako wamepata na wewe hujapata na unajua umetimiza masharti, usikae kimya. Piga namba 14 ikifuatiwa na msimbo wa simu wa mji wako, mfano 14010 kwa Rotterdam au 14020 kwa Amsterdam, uulize. Ikipotea unaomba mpya, inaitwa vervangende stempas, kwa DigiD (akaunti ya kuingilia huduma za serikali mtandaoni) au kwa kwenda dirishani na kitambulisho. Usingoje siku ya kura yenyewe, siku hiyo hawatoi.

Onyo kubwa hapa: usimpe mtu stempas yako "akusaidie". Kuna watu wanapita kwenye makanisa, misikiti na sherehe wanakusanya stempas za watu. Kwa sheria ya hapa ni kosa la jinai, na kuuza kura ni kosa vilevile. Hata akiwa ni mzee wa jumuiya unayemheshimu, mwambie shikamoo alafu baki na karatasi yako.

Hatua ya 5. Chagua chama, alafu chagua mtu

Ukitoka kwenye nchi ambayo uchaguzi ni vyama viwili vitatu vikubwa, hii ya hapa inakuchanganya. Vyama ni vingi mno. Bunge lililochaguliwa 29 Oktoba 2025 lilianza na vyama 15. D66 na PVV kila kimoja kilipata viti 26, wakati wingi wa viti ni 76, kwahiyo lazima mkae mezani na wengine. Kuna chama kinaitwa NSC kilikuwa na viti 20, kikatoka na sifuri. Sababu ni kwamba hakuna majimbo, nchi nzima ni kapu moja, na ukipata kura zinazotosha kiti kimoja kati ya 150, karibu asilimia 0.67, umeingia. Kwahiyo ile hofu ya nyumbani ya "nisipoteze kura kwa chama kidogo" hapa ina uzito mdogo sana.

Kwenye gemeente ni hivyo hivyo kwa udogo wake. Halmashauri ina viti kuanzia 9 mpaka 45 kutegemea idadi ya wakazi, na pamoja na vyama vya kitaifa kuna vyama vya mtaani ambavyo huko Den Haag, makao ya bunge, hakuna aliyewahi kuvisikia. Gemeente nyingi zina StemWijzer au Kieskompas, unajibu maswali mtandaoni inakuonyesha chama kilicho karibu na mawazo yako. Kiholanzi chake kigumu kidogo, kaa na mtoto wako wa sekondari akutafsirie, mnajifunza wote.

Sasa sehemu ninayoipenda. Huchagui chama tu, unachagua jina moja ndani ya orodha ya chama. Wengi wanampigia namba 1. Lakini mtu wa namba 14 akipata kura zake mwenyewe za kutosha anaruka juu ya wenzie. Chukua mfano wa mji wenye viti 45 na kura halali 90,000. Kiti kimoja ni sawa na kura 2,000. Kwenye halmashauri za viti 19 na kuendelea, mgombea akifikisha robo ya hizo, yaani kura 500, anapanda juu ya orodha, na chama chake kikipata viti vya kutosha anaingia. Kwenye halmashauri ndogo ni nusu. Kura 500! Harusi moja tu ya Wakongo pale Rotterdam ina watu wangapi? Nesi anayetoka kwenye jumuiya zetu aliyewekwa namba 14 anaweza kuingia halmashauri kwa watu wanaomjua tu. Na mwenye haki ya kupiga kura ya gemeente ana haki ya kugombea pia, bila pasi ya Kiholanzi.

Mwaka 2022 kitaifa walijitokeza karibu asilimia 51 tu, na Rotterdam haikufika hata 40. Watu wakibaki nyumbani, kila kura iliyopigwa inakuwa na nguvu zaidi.

Hatua ya 6. Siku ya kura

Vituo vinafunguliwa saa 1 na nusu asubuhi mpaka saa 3 usiku. Saa za Kiswahili hizo, kwa saa za kwao ni 7.30 mpaka 21.00. Unaweza kwenda kituo chochote ndani ya gemeente yako, siyo lazima kilichoandikwa kwenye stempas. Viko mashuleni, maktaba, makanisani, hata stesheni za treni.

Beba vitu viwili, stempas yenyewe na kitambulisho halisi. Picha ya kitambulisho kwenye simu haikubaliki ukijipigia mwenyewe. Pasi, ID na leseni za Kiholanzi zinakubalika hata zikiwa zimeisha muda kwa si zaidi ya miaka 5, lakini wewe mwenye kibali nenda na kadi ya kibali ambayo bado ni hai, usitegemee pasi ya nyumbani peke yake.

Ndani utakuta meza yenye watu watatu hivi. Mmoja anaangalia sura yako na kitambulisho, mwingine anaangalia namba ya stempas kama haipo kwenye orodha ya zilizofutwa, anaichukua, alafu unapewa karatasi ya kura. Ni kubwa kama gazeti lililokunjuliwa, usitishike. Unaingia kwenye kijumba peke yako. Kuna penseli nyekundu imefungwa kwa kamba au mnyororo. Tafuta chama juu, shuka na jina, paka rangi nyekundu kwenye kijiduara cheupe pembeni ya jina moja. Rangi si lazima ijae vizuri kama kazi ya shule, ionekane tu. Ikunje, itumbukize kwenye sanduku. Na sanduku lenyewe sehemu nyingi limefanana kabisa na lile pipa la taka la magurudumu, mara ya kwanza nilisimama na karatasi yangu mkononi nikitafuta sanduku la kura huku niko mbele yake.

Makosa yanayoharibu kura: kupaka vijiduara viwili. Kuandika jina lako, kusaini, au kuacha ujumbe unaoonyesha wewe ni nani. Ukikosea usilazimishe, irudishe mezani uombe nyingine, mara moja wanakupa. Mume na mke hawaingii kijumbani pamoja, hata kama mmoja hajui Kiholanzi. Kama hujaelewa, uliza watu wa meza kabla hujaingia, watakuonyesha kwa mfano.

Hatua ya 7. Ukishindwa kwenda

Zamu ya usiku, mtoto mgonjwa, safari. Jaza nyuma ya stempas, sehemu ya volmacht (kumkabidhi mtu kura yako), saini wewe na saini yule unayemtuma, mpe pamoja na kopi ya kitambulisho chako, na hii kopi inaweza kuwa picha kwenye simu yake. Awe mpiga kura wa gemeente hiyo hiyo. Anapiga ya kwako wakati uleule anapopiga ya kwake, hawezi kuja nayo jioni baada ya kupiga yake asubuhi, na hawezi kubeba za watu zaidi ya wawili. Dada mmoja alikuja na za shangazi zake watatu, ikabidi moja irudi nyumbani.

Kiezerspas, ile ya kukuruhusu kupiga mji mwingine, kwenye uchaguzi wa gemeente haipo. Ukiwa umeenda Groningen kikazi na kura yako ni ya Den Haag, njia ni volmacht tu.

Ukikwama

*Stempas haikuja na nina miaka 7 hapa.* Angalia anwani kwanza, alafu tarehe za vibali vyako vyote, kimoja baada ya kingine, kama kuna pengo. Kama hakuna, nenda gemeente na kadi zako na uombe waangalie usajili wako wa mpiga kura. Nenda mapema, siyo wiki ya kura.

*Nimeomba stempas mpya alafu nikaikuta ya zamani nyuma ya friji.* Ya zamani imeshafutwa, tumia mpya tu.

*Nisipoenda kuna faini?* Hakuna. Ulazima wa kwenda kituoni ulifutwa mwaka 1970.

*Nikipigia chama fulani IND (idara ya uhamiaji) watajua?* Hapana. Karatasi haina jina wala namba yako, na stempas uliyoiacha mezani haiunganishwi na karatasi uliyoitumbukiza. Haigusi kibali, posho, wala maombi ya uraia.

*Karatasi niliyopewa ni ndogo, haina majina.* Baadhi ya gemeente zinajaribu karatasi mpya. Hapo unapaka sehemu mbili, chama na namba ya mgombea, na majina yapo kwenye orodha ndani ya kijumba. Ndo mahali pekee ambapo kupaka mbili ni sahihi, kwahiyo soma maelezo ya juu kabla ya kushika penseli.

*Nimefika saa 3 kasoro dakika 2 na foleni ndefu.* Baki kwenye foleni. Aliyefika kabla ya saa 3 kugonga anaruhusiwa kupiga, hata zamu yake ikifika saa 3 na robo.